Kuingia Kisiwa cha Matumbawe kwa Chombo Kidogo: Hesabu ya Maji, Mlango na Nanga

Kisiwa kidogo cha matumbawe hakikukaribishi taratibu kama pwani ya bara. Nje ya mwamba kina kinashuka ghafla: hatua mia mbili kutoka pale mawimbi yanapovunjika, kipima kina kinaweza kukosa chini kabisa. Ndani ya mwamba maji ni ya magotini. Nje nanga haifiki, ndani hapapitiki ila mlangoni, yaani kwenye pengo la mwamba, na mlango wenyewe una saa zake. Kwa hiyo safari ya kisiwa cha namna hii hupangwa kinyumenyume: kwanza saa ya kupita mlangoni, ndipo saa ya kung'oa nanga ulikotoka. Anayeanza na saa ya kuondoka hufika jua limelala au maji yamepwa, na hapo ndipo watu wazima wenye akili zao huanza kubahatisha.

Maelezo haya ni ya chombo cha mita 6 hadi 15, cha tanga au cha injini, chenye dira, kipima kina, GPS na redio ya baharini. Meli kubwa zina marubani na kanuni zake.

Kisiwa ni cha aina gani?

Anza na umbo, kwa sababu umbo ndilo linalokuambia mlango utakuwa wapi. Mwaka 1842 Charles Darwin alieleza kwamba mwamba huanza kwa kukumbatia pwani ya kisiwa cha volkano. Kisiwa kinapozama polepole, matumbawe hujenga kwenda juu, mwamba ukabaki mbali na pwani ukitenganishwa nayo na laguni, yaani maji yaliyozingirwa na mwamba. Mwishowe mlima unazama wote, ikabaki pete ya mwamba tu, yaani atoli. Mwaka 1952 huko Enewetak, katika Visiwa vya Marshall, mashimo yalichimbwa kupita zaidi ya mita 1,200 za chokaa ya matumbawe kabla ya kugonga jiwe la volkano. Mzee alikuwa sahihi.

Kwa nahodha maana yake ni hii. Kwenye kisiwa chenye mlima, matumbawe hayapendi maji ya mto wala tope, hivyo mlango mara nyingi uko mkabala na bonde au mdomo wa mto. Tazama mabonde kwenye ramani, kisha tafuta pengo mbele yake. Kwenye atoli hakuna mito. Mlango mara nyingi uko upande wa demani, uliojikinga na upepo, kwa sababu upande wa joshi, upepo unakotoka, mawimbi humwaga maji juu ya mwamba mchana na usiku na maji hayo lazima yatokee mahali. Bora Bora ina mlango mmoja tu, nao uko magharibi. Kuna pia visiwa vya matumbawe vilivyoinuliwa juu, kama Niue: hakuna laguni, hakuna mlango, ni majabali yanayoingia moja kwa moja baharini. Huko vyombo hufungwa kwenye maboya nje na vihori huinuliwa gatini kwa winchi. Ukijua hivyo mapema, hutapoteza siku nzima kuzunguka ukitafuta kisichokuwepo.

Ramani: iamini, lakini ihoji

Tafuta kwanza tarehe ya upimaji, si tarehe ya kuchapwa. Ramani iliyochapwa juzi inaweza kuwa imebeba vina vilivyopimwa katika karne ya 19 kwa bildi, yaani risasi iliyofungwa kambani. Bildi hupima pale ilipogusa tu. Kati ya mguso mmoja na mwingine kichwa cha matumbawe chenye upana wa meza kinaweza kujificha, nacho kinatosha kutoboa chombo. Sehemu nyeupe isiyo na tarakimu haimaanishi maji ni safi. Maana yake hakuna aliyepima.

Pili, angalia ramani imefungwa kwenye mfumo gani wa majira ya nukta, yaani wa kuhesabu latitudo na longitudo. GPS hutumia mfumo uitwao WGS84. Ramani za zamani za visiwa vya mbali zilichorwa kwa kupima nyota, na kisiwa kizima kinaweza kuwa kimesogea mamia ya mita kutoka mahali GPS inapokiona. GPS yako ina kosa la mita chache. Ramani ndiyo yenye kosa kubwa. Ukikuta maandishi yanayotoa kiasi cha kusogeza latitudo na longitudo, yafuate kabla ya kuweka alama yoyote.

Tatu, elewa sifuri ya vina. Tarakimu za kina huhesabiwa kutoka usawa wa maji ya chini kabisa yanayotazamiwa. Tarakimu iliyopigiwa mstari chini ni kinyume chake: ni kipwa, mwamba unaobaki wazi kwa urefu huo maji yakipwa. "4" na "4" yenye mstari ni tofauti ya mita nane.

Nne, kuza picha. Ramani za kwenye skrini huficha maelezo unapotazama eneo kubwa. Novemba 2014, katika mashindano ya Volvo Ocean Race, jahazi la Team Vestas Wind lilipanda mwamba wa Cargados Carajos, kaskazini mashariki mwa Mauritius, usiku na kwa mwendo wa kasi. Mwamba ulikuwemo kwenye ramani. Kwa kiwango cha ukuzaji walichotumia haukuonekana kama hatari. Fuata mstari wa safari yako wote kwa ukuzaji mkubwa kabisa, toka mwanzo hadi mwisho, hata kama unachosha.

Mwisho pakua picha za setilaiti kabla ya kuondoka penye intaneti. Picha za Sentinel-2 ni za bure na kila nukta yake ni mita 10. Chukua tatu au nne za siku tofauti zisizo na mawingu, ziweke juu ya ramani. Mwamba wa kwenye picha usipolingana na wa kwenye ramani, picha ndiyo inayosema kweli kuhusu mahali. Kina haikupi, na kichwa cha matumbawe cha mita tatu haikionyeshi.

Kukiona kisiwa

Umbali wa upeo wa macho, kwa maili za baharini, ni 2.08 mara kipeuo cha pili cha urefu kwa mita. Jicho lililo mita 2 juu ya maji huona maili 2.9. Minazi ya mita 20 huongeza maili 9.3. Jumla ni kama maili 12, lakini kwa ukungu wa joto na macho yaliyochoka tarajia maili 8. Visiwa vya Maldivi vingi havifiki mita 2 juu ya bahari. Bila miti usingeviona hata ukiwa umevikaribia.

Sasa weka kosa la dira kando ya hesabu hiyo. Kosa la digrii 1 hukupeleka kando maili 1 kwa kila maili 60. Ukisahau kurekebisha tofauti ya sumaku ya digrii 10, baada ya maili 18 uko kando maili 3. Ongeza mkondo wa kukata ubavu wa noti 1, yaani maili moja ya baharini kwa saa, kwa saa tatu na nusu, kosa linakaribia maili 6 na nusu. Kwa nguvu ya bahati bado utaona minazi. Kwa hiyo andika nafasi ya GPS kwenye karatasi kila saa. Kifaa kikizimika, unayo nukta ya kuanzia. Simu, spika na visu usiviache karibu na dira.

Mabaharia wa Mikronesia hawakuwa na hivyo vyote. Wa Visiwa vya Marshall walifundishana kwa vijiti vilivyofungwa pamoja kuonyesha jinsi mawimbi mapana yanavyopinda yakikizunguka kisiwa, na mwaka 1976 Mau Piailug wa kisiwa cha Satawal aliongoza mtumbwi wa tanga Hōkūleʻa kutoka Hawaii hadi Tahiti bila chombo chochote cha kupimia. Dalili zao bado zinafaa kama shahidi wa pili: wingu lililotulia huku mengine yakienda, rangi ya kijani hafifu chini ya wingu lililo juu ya laguni, na ndege wa baharini wanaoruka moja kwa moja jioni, wakirudi nchi kavu kulala. Asubuhi ndege hao hao wanatoka, kwa hiyo usiwafuate kabla ya kutazama saa.

Hesabu ya maji

Kwanza suala la saa, ambalo kwa msemaji wa Kiswahili ni mtego wa pekee. Majedwali ya maji huandikwa kwa saa 24, na mengine hutumia UTC, saa moja ya dunia nzima, badala ya saa za mahali. "Saa nne" ya mdomoni na 04:00 ya jedwalini hupishana kwa saa sita, na saa sita ndiyo kadiri inayotenganisha maji kujaa na maji kupwa. Ukikosea hapo hukosei kidogo; umeigeuza bahari juu chini. Andika kila kitu kwa saa 24, na chomboni mkiambizana, semeni "kumi na mbili na nusu ya jedwali" hata kama masikio yanakataa.

Chukua mfano. Jedwali linasema: kupwa 08:10, mita 0.6, kujaa 14:25, mita 3.0. Tofauti ni mita 2.4, muda ni saa 6 na dakika 15. Kanuni ya sehemu kumi na mbili inagawa muda huo mafungu sita, ya dakika 62 hivi kila moja, na maji hupanda kwa sehemu 1, 2, 3, 3, 2, 1. Sehemu moja hapa ni mita 0.2. Basi:

- 09:12 maji ni mita 0.8
- 10:15 ni 1.2
- 11:17 ni 1.8
- 12:20 ni 2.4
- 13:22 ni 2.8
- 14:25 ni 3.0

Ramani inaonyesha mahali pafupi kuliko pote mlangoni kuwa mita 0.4. Sehemu ya chombo chako iliyo chini ya maji ni mita 1.2. Weka akiba ya mita 0.8, na kwa mawimbi ya mita 0.6 ongeza nusu yake, yaani 0.3, kwa sababu chombo hushuka na bonde la wimbi. Unahitaji mita 2.3, toa 0.4 ya ramani, maji ya jedwali lazima yawe yamefika mita 1.9. Yatafika hapo karibu 11:30.

Je, uingie 11:30? Hapana. Fungu la tatu na la nne, hapa 10:15 hadi 12:20, ndilo wakati maji yanapokwenda kwa nguvu zote. Subiri 12:30. Kati ya 12:30 na 14:00 mkondo unalegea, kina kinatosha, jua liko juu, na maji bado yanapanda: ukigusa chini, bahari yenyewe itakuinua. Baada ya 14:25 hesabu inageuka. Ukigusa wakati maji yanapwa, kila dakika inakuzamisha zaidi mwambani.

Umbali ni maili 18 na chombo kinakwenda noti 5: saa 3 na dakika 36. Toa kutoka 12:30, unapata 08:54. Toa tena saa nzima ya kuutazama mlango kutoka nje na ya upepo usiotii ratiba. Nanga inang'olewa saa 07:50 ya jedwali. Na mpaka uwe umeandikwa kabla ya kuondoka: usipokuwa mlangoni kufikia 14:00, huingii leo. Amua hilo ukiwa nanga imetiwa na chai mkononi, si ukiwa umechoka mbele ya mwamba.

Kanuni hii ina mipaka yake. Inafaa pale maji yanapojaa na kupwa mara mbili kwa siku kwa mpangilio unaolingana. Zipo sehemu ambazo hujaa mara moja tu kwa siku. Tahiti ni kioja zaidi: maji hufuata jua kuliko mwezi, yakijaa karibu na adhuhuri na usiku wa manane kila siku, na tofauti yenyewe ni kama sentimita 30. Kwingine, bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, huleta maji makubwa na mikondo mikali. Maji mafu, yale ya siku za nusu mwezi, huleta milango mitulivu. Kama una uhuru wa kuchagua wiki, kwa mlango usioujua chagua maji mafu. Watu hupenda bamvua kwa kina chake, wakisahau kwamba ukipanda mwamba kwenye kilele cha bamvua, maji ya kukuinua yanaweza yasirudi kwa wiki mbili.

Shinikizo la hewa nalo lina mkono wake: kila hektopaskali 1 inayopanda juu ya kawaida hushusha maji kama sentimita 1. Hali ikiwa 1,023 badala ya 1,013, umepoteza sentimita 10 za akiba yako.

Mlangoni

Kutoka nje mlango unaonekana kama pengo kwenye mstari mweupe: povu kushoto, povu kulia, buluu nzito katikati. Usiukimbilie. Simama maili nusu nje na ufanye mambo haya kwa utaratibu huu.

1. Tazama kwa dakika 15 bila kusogea. Mawimbi makubwa huja kwa makundi, na dakika kadhaa za utulivu kati yao huwadanganya wenye haraka. Wimbi hata moja likivunjika kukata mlango wote, huingii. Kumbuka pia kwamba ukitazama mawimbi kwa mgongoni huonekana madogo kuliko yalivyo. Wimbi la mita 1 huvunjika kwenye kina cha kama mita 1.3, kwa hiyo povu ni kipima kina cha bure.

2. Pima mkondo. Elekeza omo, yaani mbele ya chombo, mlangoni, punguza mwendo, linganisha mwendo wa GPS na mwendo wa chombo ndani ya maji. Tofauti ndiyo mkondo. Boya lililolala upande mmoja na mkia wa maji nyuma yake husema habari ile ile.

3. Linganisha mkondo na upepo. Maji yanayotoka yakikutana na upepo na mawimbi yanayoingia, mlangoni hutokea mawimbi mafupi yaliyosimama wima, yenye nguvu ya kusimamisha chombo. Dakika arobaini za kusubiri huyamaliza.

Hapa kwenye atoli kuna jambo ambalo jedwali halikuambii. Mawimbi mapana yakipiga upande wa joshi kwa siku kadhaa, maji humwagwa ndani ya laguni kupita juu ya mwamba kwa wingi kuliko yale ya kujaa na kupwa. Laguni inakuwa kama ndoo inayofurika, na mlango ndio tundu pekee. Mkondo wa kutoka unaweza kuendelea hata maji yanapojaa nje, na baadhi ya milango ya atoli za Tuamotu, katika Pasifiki, hufikia noti 8. Utulivu kati ya kuingia na kutoka unaweza kuchelewa saa moja au zaidi baada ya kilele cha jedwali, au usitokee kabisa. Usibishane na macho yako kwa kushika karatasi.

Mazingira yakikulazimisha kuchagua, afadhali mkondo dhaifu wa kukukabili kuliko wa kukusukuma. Ukiukabili kwa noti 2 huku injini ikitoa 5, unakwenda 3 juu ya ardhi, usukani unajibu, na unaweza kusimama palepale ukifikiri. Ukisukumwa na noti 4, ili usukani ushike lazima uongeze noti 3 zako. Sasa unakwenda 7 kwenye njia ya mita 50, bila breki.

4. Tafuta alama mbili za kupanga. Inaweza kuwa nguzo mbili zilizojengwa kwa kazi hiyo, au mnazi mmoja mrefu na kona ya paa nyuma yake. Zikikaa mstari mmoja, uko njiani. Ya mbele ikionekana imehamia kushoto kwa ile ya nyuma, wewe umesogea kulia. Geuza kuifuata ya mbele. Dira haiwezi kukuonyesha kwamba unasukumwa ubavuni. Alama mbili zinaonyesha ndani ya sekunde.

5. Gawaneni kazi. Mmoja usukani, mmoja anasoma kina kwa sauti, mmoja omoni au juu mlingotini akitazama maji. Kelele za injini na mwamba humeza maneno, kwa hiyo tumieni mkono, na mkono uelekeze *maji salama*, kamwe usielekeze mwamba. Mkataba huu mdogo usipofanywa mapema, msukani atafuata mkono hadi kwenye jiwe.

Maboya yanahitaji neno moja. Dunia imegawanyika mara mbili: eneo A, lenye sehemu kubwa ya dunia, boya jekundu liko kushoto kwako ukiingia, eneo B, yaani Amerika zote, Japani, Korea na Ufilipino, jekundu liko kulia. Boya la rangi nyeusi na manjano lenye koni mbili hukuambia upite upande gani wa dira: koni zote zikielekea juu, pita kaskazini, zote chini, pita kusini, vitako vimeelekeana, pita mashariki, ncha zimeelekeana, pita magharibi. Kwenye visiwa vidogo, hata hivyo, alama nyingi ni vijiti vya wenyeji, na dhoruba huvibeba. Boya lisilokuwepo si ushahidi kwamba hatari haipo.

Kusoma rangi

Ndani ya laguni ramani mara nyingi inakoma kuwa na maana, na macho yanachukua kazi. Masharti ni jua juu au nyuma yako, kwa kawaida kati ya 10:00 na 14:30, miwani inayokata mng'ao, na jicho lililoinuliwa. Hata mita 2 za kupanda mlingotini hubadilisha kila kitu. Upepo mwepesi unaokunja maji kidogo ni bora kuliko shwari ya kioo, ambayo hukuonyesha mbingu badala ya chini.

- Buluu nzito: zaidi ya mita 20.
- Buluu inayoelekea kijani: mita 8 hadi 15 hivi.
- Feruzi yenye nguvu: mchanga, mita 3 hadi 5.
- Feruzi iliyopauka, karibu nyeupe: mchanga, mita 2 au chini yake.
- Kahawia au manjano: matumbawe au jiwe karibu na uso wa maji. Ondoka.
- Kijani cheusi chenye kingo laini: nyasi za bahari. Kinachofanana nacho chenye kingo kali ni tumbawe.

Usiziamini tarakimu hizi kabla ya kuzipima. Maji ya kila laguni yana uwazi wake. Ukifika mahali penye nafasi, pita polepole juu ya rangi tatu au nne ukisoma kipima kina, ndipo ujue feruzi ya *hapa* ni mita ngapi. Kivuli cha wingu hufanana na mwamba. Tofauti ni kwamba kivuli kinasafiri. Wingu likifunika jua, simama. Mwendo usizidi noti 3, na kumbuka kipima kina kinakuambia kilicho chini ya mkuku, si kilicho mbele ya omo: vichwa vya matumbawe huinuka wima kama nguzo, kutoka mita 15 hadi nusu mita ndani ya urefu wa chombo kimoja.

Nanga

Tafuta uwazi wa mchanga. Nanga ikiangushwa juu ya matumbawe hubomoa kilichokua kwa miaka mingi, na pia ni nanga mbaya: ama haishiki, ama inanasa isitoke.

Kina cha kuhesabu si kile unachokisoma. Umefika saa 13:00 kwenye mita 6. Maji yatapanda kama mita 0.3 nyingine, na omo iko mita 1 juu ya maji: jumla 7.3. Kwa mnyororo mtupu achia mara 5 ya hapo, yaani mita 37. Kwa amari ya kamba yenye kipande cha mnyororo, mara 7, yaani mita 51. Rudi nyuma taratibu hadi nanga ishike, kisha ongeza nguvu ya injini huku ukitazama alama mbili za ubavuni. Zikisogea, nanga inaburuta.

Sasa upande wa pili, unaosahauliwa. Usiku maji yatashuka mita 2.4 kutoka kilele, kina kitabaki 3.9. Kinatosha chombo cha 1.2. Lakini kichwa cha matumbawe kilichoinuka mita 2.5 kutoka chini kitabakiza mita 1.4 juu yake, akiba ya sentimita 20, na wimbi dogo tu litakigonga. Duara lako ni mnyororo pamoja na urefu wa chombo: kwa chombo cha mita 10, kama mita 47 pande zote. Zama kwa miwani ya maji au zunguka na kihori, uukague mduara huo wote, si pale nanga ilipo tu. Upepo hugeuka na mvua za usiku, na ufuko uliokukinga mchana unakuwa ukuta nyuma yako. Ndiyo maana ufuatilio wa GPS wa njia uliyoingilia lazima uwe umehifadhiwa kabla ya giza.

Ukipanda mwamba

Zima msukumo wa injini mara moja. Rafadha, yaani panga la injini, ikigusa matumbawe unapoteza injini pia. Fungua ngama, sehemu ya chini ndani ya chombo, uone kama maji yanaingia. Chombo kikivuja, kazi ya kwanza ni kuziba, si kujinasua: mwamba unakushikilia, kilindi hakitakushikilia.

Kikiwa kizima, zungusha bildi au kasia pande zote kutafuta maji marefu. Karibu kila mara yako nyuma, ulikotoka. Peleka nanga ndogo kwa kihori upande huo, umbali wa mita 30 au zaidi, kaza kamba kwa winchi, hamisha watu na uzito ili chombo kilale, kisha vuta. Kama maji yanapwa una dakika chache. Katika mfano wetu, fungu la tatu la kupwa hushusha mita 0.6 kwa saa, sentimita moja kila dakika. Ukishindwa, acha kuhangaika: kilaze chombo upande wa mwamba, si upande wa kilindi, weka magodoro na mipira ya kukinga ubavuni, na uiache nanga imekaza upande wa maji marefu ili mawimbi ya maji yanayorudi yasikupandishe zaidi. Toa taarifa chaneli 16 mapema: "Pan-Pan" kama hakuna maisha hatarini, "Mayday" kama yapo.

Kutoka

Kutoka ni kuingia kwa kinyume, ila jua limehama. Mlango wa magharibi ulioupita mchana jua likiwa nyuma, alasiri jua litakupiga usoni ukitoka. Kwa hiyo toka asubuhi. Fuata ufuatilio wako wa kuingia, lakini punguza mwendo pale ulipokata kona, kwani kona ya kuingia na ya kutoka huwa hazilingani. Linganisha kimo cha maji cha sasa na kile cha siku uliyoingia: njia iliyokuwa na mita 2.8 za maji juu ya sifuri haina ahadi yoyote ikiwa leo ni 1.2. Ukishapita mlango, usigeuke kufuata pwani mara moja. Endelea moja kwa moja nje angalau maili moja kabla ya kuweka tanga au kuzima injini, kwa sababu mawimbi mapana yanasukuma kuelekea mwambani na nje huko nanga haifiki chini.